Uteuzi wa mawaziri wa mambo ya nje na ulinzi nchini Tanzania

Uteuzi wa mawaziri wa mambo ya nje na ulinzi nchini Tanzania ni utaratibu ambao Rais wa Jamhuri ya Muungano huutumia kuwapata viongozi wa wizara mbili zinazogusa zaidi uhusiano wa nchi na mataifa mengine. Wizara hizo ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Tofauti na Kenya na Uganda, Tanzania haina hatua ya Bunge kumhoji mteule kabla hajaapishwa. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kujua msimamo wa waziri mpya kuhusu siasa ya nje na usalama hana majibu ya mteule mbele ya wabunge ya kusoma. Hubaki kutazama kazi alizowahi kufanya, maagizo anayopewa na Rais siku ya kiapo, na hotuba yake ya kwanza ya bajeti, ambayo huweza kuja miezi mingi baadaye.

Msingi wa kikatiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 55, inampa Rais mamlaka ya kuteua mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Mawaziri wote hutoka miongoni mwa wabunge. Ushauri wa Waziri Mkuu haumfungi Rais, kwa kuwa ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo.

Kwa upande wa Waziri Mkuu, uteuzi wake hupigiwa kura na wabunge kabla hajashika kazi. Ibara ya 51 inamtaka Rais kumteua ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, na mteule haingii ofisini mpaka Bunge lithibitishe kwa azimio. Mwigulu Nchemba, kwa mfano, alithibitishwa tarehe 13 Novemba 2025 kwa kura 369. Waziri wa Ulinzi na Waziri wa Mambo ya Nje hawapiti njia hiyo. Wao husomewa majina, huapishwa Ikulu na kuanza kazi.

Ibara ya 66 nayo inamruhusu Rais kuteua wabunge wasiozidi kumi. Nafasi hizi kumi zimekuwa mlango mkubwa wa kuingilia Wizara ya Mambo ya Nje. Kati ya mawaziri sita walioiongoza wizara hiyo kuanzia Desemba 2015, yaani Augustine Mahiga, Palamagamba Kabudi, Liberata Mulamula, Stergomena Tax, January Makamba na Mahmoud Thabit Kombo, watano waliingia bungeni kwa mara ya kwanza kwa kuteuliwa na Rais. Makamba peke yake alianza kwa kuchaguliwa jimboni, Bumbuli, mwaka 2010. Sababu ya jambo hili inaeleweka: wanadiplomasia wenye uzoefu huwa wametumia miaka yao New York, Addis Ababa au Gaborone, si katika mikutano ya kampeni vijijini. Lakini matokeo yake ni kwamba waziri anayesema kwa niaba ya nchi nje ya mipaka mara nyingi hajawahi kuombwa maelezo na mpiga kura yeyote, wala na Bunge.

Mambo ya nchi za nje na ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, yameorodheshwa ya pili na ya tatu katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Anaweza kutangaza hali ya vita kwa mujibu wa ibara ya 44, na Bunge huitishwa ndani ya siku 14 kulijadili tangazo hilo. Mikataba ya kimataifa inayohitaji kuridhiwa hupelekwa bungeni chini ya ibara ya 63. Bunge, basi, lina sauti juu ya mambo yanayofanywa, ingawa halina kauli juu ya mtu atakayeyafanya.

Msimamo wa waziri mpya hujulikanaje

Dalili ya kwanza ni wasifu. Rais anapomteua balozi mstaafu, ofisa wa jumuiya ya kikanda au mwanasheria, wachambuzi husoma uteuzi huo kama taarifa ya mwelekeo. Dalili ya pili ni hafla ya kiapo, ambapo Rais huzungumza baada ya wateule kuapa na kuwapa maagizo hadharani. Watanzania wengi huifuatilia kwa redio na televisheni, na mara nyingi ndiyo nafasi ya kwanza ya kusikia kwa nini mtu fulani amepelekwa wizara fulani. Mwenye kusema ni Rais, mteule husikiliza.

Baadaye wizara zote mbili hufika mbele ya kamati ya kudumu ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama, ambayo wabunge wameizoea kwa kifupi cha NUU. Kamati huchambua makadirio ya matumizi kabla hayajafika bungeni. Kisha, katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili mjini Dodoma, waziri husoma hotuba inayoeleza hali ya dunia, uhusiano na majirani, utekelezaji wa mwaka unaokwisha na mipango ya mwaka unaokuja. Hapo ndipo mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia kwa muda kifungu hicho mpaka apewe maelezo. Ni chombo chenye heshima ya zamani, lakini shilingi hurudishwa karibu kila mara.

Upinzani unapokuwa na wabunge wa kutosha, waziri kivuli husoma hotuba yake mara baada ya ile ya serikali. Ezekia Wenje, aliyekuwa mbunge wa Nyamagana mkoani Mwanza kati ya 2010 na 2015, aliishika nafasi hiyo kwa mambo ya nje. Kwa mwanafunzi anayetafuta msimamo wa pande mbili kuhusu suala moja, hotuba hizo mbili zikisomwa kwa pamoja ni hazina kuliko habari za magazeti za siku hiyo.

Historia

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, siasa ya nje ilikuwa kazi ya Julius Nyerere mwenyewe, ambaye kwa vipindi fulani hata wizara aliishika. Oscar Kambona alikuwa na mambo ya nje na ulinzi kwa pamoja wakati askari wa Colito, kambi inayoitwa leo Lugalo, walipoasi tarehe 20 Januari 1964. Ni yeye aliyekwenda kuzungumza nao. Siku chache baadaye askari wa Uingereza waliitwa kuzima maasi hayo, jambo lililoiumiza sana serikali iliyokuwa ikijitangaza kutofungamana na upande wowote. Kambona huyohuyo alihusika kwa karibu na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam.

Waliofuata walikuwa wasemaji hodari wa msimamo uliokwisha kuamuliwa. Benjamin Mkapa, aliyewahi kuwa mhariri wa magazeti, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Rashidi Kawawa Waziri wa Ulinzi majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa 1978. Mmoja alibeba mzigo wa kuieleza dunia kwa nini Tanzania imevuka mpaka wa jirani, jambo ambalo katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika haikulipenda. Mwingine alisimamia wizara iliyopaswa kukuza jeshi haraka. Salim Ahmed Salim alipewa wizara mwaka 1980 akitoka Umoja wa Mataifa, ambako msimamo wake kuhusu nafasi ya China mwaka 1971 ulikuwa umeiudhi Marekani. Mwaka 1981, akiwa waziri, aligombea ukatibu mkuu wa umoja huo, na Marekani ikampinga kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi, huku China ikimpinga Kurt Waldheim. Nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar. Kwa Salim, hakuna aliyehitaji kumuuliza anasimama wapi.

Suala la Zanzibar na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilionyesha ugumu wa aina nyingine. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na jumuiya hiyo, ijapokuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, Ahmed Hassan Diria, alikuwa Mzanzibari. Kamati ya Bunge iliyochunguza iliona hatua hiyo imevunja Katiba, na Zanzibar ikajitoa Agosti 1993. Moto haukuzimika hapo. Wabunge wa Bara waliojulikana kama G55 walidai serikali ya Tanganyika, na Nyerere, akiwa mstaafu, aliandika kitabu Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania akiwalaumu viongozi wa serikali kwa jinsi walivyoliendesha jambo hilo. Tangu hapo, swali la nani ana mamlaka ya kusaini nini nje ya nchi limekuwa mojawapo ya maswali ambayo waziri mpya hulazimika kuyajua kwa moyo, hata asipoulizwa.

Jakaya Kikwete, ofisa wa jeshi aliyestaafu mwaka 1992 na kubaki katika siasa, aliongoza wizara kwa miaka kumi mfululizo, 1995 hadi 2005. Katika kipindi chake ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulilipuliwa, tarehe 7 Agosti 1998, na watu 11 wakafariki. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukasainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Na sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 ikaiweka diplomasia ya uchumi mbele. Asha-Rose Migiro, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo, alikaa mwaka mmoja tu kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Bernard Membe akafuata na kudumu mpaka 2015, akishughulikia operesheni ya Anjouan nchini Komori mwaka 2008, mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa na Malawi uliopamba moto 2012, na kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo mwaka 2013, ambacho kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Hata hivyo, kauli iliyozua mvutano mkubwa zaidi wa miaka hiyo haikutoka kwa waziri. Rais Kikwete mwenyewe, akiwa Addis Ababa Mei 2013, aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukapoa kwa muda mrefu.

Rais John Magufuli alimteua Mahiga Desemba 2015 na kuiunganisha wizara na ile ya Afrika Mashariki. Mahiga alikuwa mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa na baadaye mwakilishi wa Katibu Mkuu wa umoja huo kwa Somalia. Chini yake Tanzania ilifungua ubalozi Tel Aviv, Mei 2018. Nchi hiyohiyo ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 na kuurejesha 1995. Huo ni mfano mzuri wa msimamo unaobadilika kadiri Marais wanavyobadilika, huku wanadiplomasia wakiupatia maneno. Kabudi, profesa wa sheria, alimrithi Mahiga Machi 2019. Baada ya uchaguzi wa 2020 Magufuli alianza kwa kuteua mawaziri wawili tu, Philip Mpango wa fedha na Kabudi wa mambo ya nje, wiki kadhaa kabla ya kutangaza baraza lililobaki.

Rais Samia Suluhu Hassan alipochukua madaraka Machi 2021 alimweka Liberata Mulamula, aliyewahi kuwa katibu mtendaji wa kwanza wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu na balozi Washington. Uteuzi ulisomeka kama mkono wa maelewano kwa nchi za Magharibi. Lakini Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu uvamizi wa Ukraine tarehe 2 Machi 2022, Tanzania haikupiga upande wowote, wakati Kenya iliunga mkono azimio. Aliyetegemea wasifu wa waziri kubashiri kura hiyo angekosea. Desturi ya zamani ya kutofungamana ilikuwa na nguvu kuliko ofisa mmoja. Oktoba 2022 Mulamula aliondolewa.

Kutoka Machi 2021 hadi Julai 2024 wizara ilipata mawaziri wanne. Ukilinganisha na miaka kumi ya Kikwete na zaidi ya minane ya Membe, kasi hiyo ni kubwa, na inafanya swali la msimamo wa mteule kuwa gumu zaidi: mabalozi wa nchi za nje hawajamaliza kumzoea mmoja kabla hajaja mwingine.

Stergomena Tax: mfano wa waziri anayejulikana kwa kazi yake

Pengine hakuna mteule wa miaka ya karibuni ambaye msimamo wake uliandikwa wazi katika kazi yake kama Stergomena Tax. Alikuwa Katibu Mtendaji wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, tangu 2013 hadi Agosti 2021. Katika wiki zake za mwisho ofisini, wakuu wa nchi walioketi Maputo Juni 2021 waliamua kupeleka kikosi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, dhidi ya wapiganaji walioshika silaha tangu 2017. Kwa Tanzania hilo halikuwa jambo la mbali. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilishambuliwa na watu waliovuka Mto Ruvuma.

Kikosi kilianza kazi Julai 2021, Tanzania ikichangia askari. Septemba mwaka huohuo, baada ya kifo cha Waziri wa Ulinzi Elias Kwandikwa, Samia alimteua Tax kuwa mbunge na waziri wa ulinzi, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo nchini. Rais alieleza siku ya kiapo kuwa alitaka kuivunja dhana kwamba wizara hiyo lazima iongozwe na mwanamume. Maelezo yaliyozungumzwa sana yalikuwa hayo ya jinsia. Jambo kwamba mtu aliyeratibu uamuzi wa kupeleka askari sasa ndiye atakayesimamia wizara inayowatoa askari lilipita kimya zaidi. Kama angekaa mbele ya kamati ya Bunge kabla ya kiapo, huenda swali la kwanza lingekuwa hilo: askari watakaa Cabo Delgado mpaka lini, na kwa gharama ya nani?

Tax alihamishiwa mambo ya nje Oktoba 2022, nafasi ya ulinzi ikaenda kwa Innocent Bashungwa, kisha akarudishwa ulinzi Agosti 2023 na Makamba akachukua mambo ya nje. Katika awamu hiyo ya pili SADC ilipeleka kikosi kingine, safari hii mashariki mwa Kongo, Desemba 2023, kikiwa na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Kundi la M23 liliuteka mji wa Goma Januari 2025. Tarehe 8 Februari 2025 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa pamoja wa wakuu wa nchi za SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Machi mwaka huohuo SADC ikaamua kukiondoa kikosi chake. Tanzania ni mwanachama wa jumuiya zote mbili, na mara nyingi majirani zake wa upande mmoja hawakubaliani na wa upande mwingine. Kuukalia mpaka huo bila kuanguka ndiyo kazi ngumu ya mawaziri wake wawili.

Bariadi, Itilima na kata ya Nkoma

Mambo haya yanaonekana ya Dodoma na New York, lakini yana sura yake hata katika mkoa wa ndani usio na mpaka na nchi yoyote, kama Simiyu. Nkoma ni kata ya Wilaya ya Itilima. Kabla ya mkoa kuundwa mwaka 2012 eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga. Mkazi wa Nkoma humpigia kura diwani, mbunge wa Itilima na Rais. Kwa kuwa siasa ya nje imo mikononi mwa Rais, karatasi hiyo ya tatu ndiyo pekee inayogusa moja kwa moja nani atakuwa waziri wa mambo ya nje.

Bariadi imewahi kutoa waziri katika fani hii. Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005 na kisha mbunge wa Bariadi Magharibi, aliteuliwa na Kikwete Januari 2006 kuwa Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, wizara iliyokuwa peke yake wakati huo. Alikaa miezi michache tu kabla ya kuhamishiwa miundombinu. Ulikuwa wakati wa mjadala wa kuharakisha shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, na maoni yaliyokusanywa nchini yalionyesha kwamba Watanzania wengi hawakutaka haraka hiyo, hofu ya ardhi ikiwa mbele. Katika mkoa wa wakulima na wafugaji hofu hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Jambo lililomgusa zaidi mkulima wa Simiyu ni pamba. Mkoa huu ni mzalishaji mkubwa wa zao hilo nchini, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi huuzwa nje bila kusokotwa. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya kanda vipate nafasi. Marekani ikatishia kuzifutia nchi hizo fursa ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikaendelea, na mwaka 2018 ikasimamishiwa fursa hiyo kwa nguo. Hoja ya kila upande ina uzito, maana mwananchi huyohuyo anayeuza pamba mbegu kwa ushirika ndiye anayenunua shati la mtumba mnadani. Lakini uamuzi wenyewe ulifanywa na mawaziri na Marais, na msimamo wa waziri kuhusu bei ya pamba dhidi ya urafiki na Washington haukuwahi kuwa sehemu ya uteuzi wake.

Kwa upande wa usalama, mnyororo wa madaraka ni mfupi. Rais humteua mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya. Mkazi wa Nkoma anayeibiwa ng'ombe ataanza na sungusungu, ulinzi wa jadi uliozaliwa Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla hajafika kwa polisi. Wizara ya Ulinzi humgusa mtoto wake anapojiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na familia inapopata habari kwamba kijana wao amepangiwa Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa huko katika shambulio moja, Semuliki, Kivu ya Kaskazini.

Kulinganisha na majirani

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inamtaka Rais awateue mawaziri kwa idhini ya Bunge la Kitaifa, na waziri hawezi kuwa mbunge. Wateule hupigwa msasa hadharani na kamati, wakiulizwa kuhusu elimu, mali zao na wanavyokusudia kuendesha wizara. Mwaka 2013 Amina Mohamed wa mambo ya nje na Raychelle Omamo wa ulinzi walipita hatua hiyo wakati kesi za viongozi wakuu wa nchi zikiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Alfred Mutua na Aden Duale. Utaratibu huu una udhaifu wake. Mwaka 2022 kamati ilimkataa mteule wa utalii, Peninah Malonza, na Bunge likampitisha vilevile. Waliokwama ni wachache, kama Stella Soipan Lang'at mwaka 2024. Hata hivyo majibu ya wateule hubaki katika kumbukumbu za Bunge, na mwandishi wa habari anaweza kuyarejea miaka miwili baadaye. Uganda nayo hudai idhini ya Bunge kwa mawaziri, chini ya ibara ya 113 ya katiba yake.

Jaribio la mabadiliko

Rasimu ya katiba iliyotolewa mwaka 2013 na Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge, idadi yao isizidi 15, na uteuzi wao uthibitishwe na Bunge. Kama ingepita, mteule wa mambo ya nje angejibu maswali Dodoma kama mwenzake anavyojibu Nairobi. Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilienda njia nyingine. Kamati yake ya uandishi iliongozwa na Chenge, yule mbunge wa Bariadi Magharibi aliyewahi kuwa waziri katika fani hiyohiyo, na Katiba Inayopendekezwa ikawarudisha mawaziri miongoni mwa wabunge. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika.

Uteuzi wa 2025

Mei 2025 Rais Samia alizindua toleo jipya la sera ya mambo ya nje, lililoingiza masuala kama uchumi wa buluu, Watanzania waishio nje na kukuza Kiswahili. Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025 na kufuatiwa na ghasia na vifo. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema haukufikia viwango vya jumuiya zao, kauli isiyo ya kawaida kwa Tanzania kuisikia kutoka kwa majirani. Samia aliapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba.

Katika baraza lililotangazwa tarehe 17 Novemba, Mahmoud Thabit Kombo alibaki mambo ya nje. Alikuwa waziri katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na baadaye balozi nchini Italia kabla ya kuipokea wizara Julai 2024. Ulinzi ulikwenda kwa Rhimo Nyansaho, jina jipya katika baraza. Wote wawili walikuwa wameteuliwa kuwa wabunge na Rais wiki iliyotangulia, kwa kutumia zile nafasi kumi za ibara ya 66. Mmoja alikabidhiwa kazi ya kuieleza serikali kwa mataifa na jumuiya zilizokuwa zikiuliza maswali kuhusu uchaguzi, na mwingine kulisimamia jeshi la nchi yenye mipaka na Kongo, Burundi na Msumbiji. Waliapishwa Ikulu ya Chamwino pamoja na wenzao, na uteuzi wao haukupigiwa kura bungeni.